Kutengwa Si Kufungwa: Ugonjwa Ukija, Haki Zetu Huenda Wapi?

Tarehe 13 Agosti 2010, wagonjwa wa kifua kikuu, yaani TB, walikamatwa huko Kapsabet na kupelekwa mbele ya hakimu. Hawakuwa wameiba ng'ombe wala kumpiga mtu. Walilaumiwa kwamba wameacha kumeza dawa. Hakimu akaamuru wapelekwe katika jela ya Kapsabet, watengwe humo na kutibiwa kwa miezi 8, au mpaka matibabu yaonekane yametosha. Basi wakaingia jela, wagonjwa miongoni mwa wafungwa.

Tunaanza na kesi hii kwa sababu ndani yake mna swali lililotusumbua sote wakati wa korona, na ambalo litarudi. Magonjwa ya kuambukiza hayajaisha. Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulithibitishwa nchini mwetu kwa mara ya kwanza, huko Taita Taveta. Siku moja utakuja mwingine, na pamoja nao zitakuja amri: msitoke, msikusanyike, msizike hivi, njooni mpimwe. Je, serikali ina haki ya kutuamuru hivyo? Na kama inayo, mpaka wake uko wapi?

Mwenye kuogopa ana sehemu ya ukweli

Msomaji mwingine atasema: walistahili! Mtu wa TB akiacha dawa anatumaliza sisi. Tusimdharau anayesema hivyo. TB husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, au katika darasa la watoto 60, vijidudu hubaki hewani na wengine huvivuta. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 10 au zaidi kwa mwaka. Tena anayemeza dawa wiki hii na kuziacha wiki ijayo huwapa vijidudu nafasi ya kuzizoea. Hapo ndipo TB sugu huanzia, ile ambayo matibabu yake ni ya gharama kubwa na huchosha mwili kweli kweli.

Kwa hiyo uhuru wangu wa kutembea nitakavyo unagongana na haki ya mtoto wa jirani ya kuishi. Katiba yetu inazitambua zote mbili. Mtu akisema eti haki za binadamu ni kumwacha kila mgonjwa afanye apendavyo, huyo hajaielewa Katiba.

Lakini tuulize sasa, jela ilimkinga nani? Jela zetu zinajulikana kwa msongamano, na TB hupenda msongamano kama mbu apendavyo dimbwi. Anayepelekwa huko akiwa bado anaambukiza atawaambukiza wafungwa wenzake na askari jela, nao wana jamaa huko nyumbani. Tena kwa TB ya kawaida, mgonjwa akimeza dawa zifaazo kwa muda wa kama wiki 2, mara nyingi huwa haambukizi tena, ingawa lazima aendelee na dawa kwa miezi mingi ili apone. Basi hiyo miezi 8 ilikuwa ya nini? Ukiipima kwa kipimo cha daktari, haieleweki. Ukiipima kwa kipimo cha adhabu, inaeleweka vizuri sana.

Na kwa nini watu huacha dawa? Muulize muuguzi yeyote wa kliniki ya TB. Mtu ana njaa, na dawa zile kwa tumbo tupu zinamkoroga. Nauli ya kwenda kliniki hakuna. Anafanya kibarua, na siku ya kuchukua dawa ni siku ya kukosa mshahara. Au baada ya miezi 2 kikohozi kimeisha, naye anaona amepona. Wako pia walevi na wakaidi, hatukatai. Lakini hata mkaidi hafundishwi kumeza dawa kwa kufungiwa seli.

Yale mahakama ilisema

Wale wagonjwa walikuwa bado jela tarehe 27 Agosti 2010, siku ile Katiba mpya ilipozinduliwa kwa shangwe pale Uhuru Park. Walikaa ndani zaidi ya siku 40. Tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Eldoret iliamuru watoke na kuendelea na matibabu yao nyumbani. Baadaye wawili kati yao, pamoja na shirika la kutetea haki za afya liitwalo KELIN, walifikisha jambo hili Mahakama Kuu ya Nairobi. Hukumu ilisomwa na Jaji Mumbi Ngugi tarehe 24 Machi 2016, ambayo pia ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Hukumu hiyo inafaa kujulikana na kila chifu na kila bwana afya. Serikali ilikuwa imeegemea Sheria ya Afya ya Umma, Kifungu cha 27. Kifungu hicho kinasema mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza, na ambaye mahali anapokaa hapatoshi kuzuia ugonjwa usienee, anaweza kupelekwa mahali pa kutengwa. Lakini si hivi hivi tu. Afisa mkuu wa afya lazima atie sahihi cheti, na hakimu lazima atoe amri. Jaji akasema jela si mahali pa kutengwa panapokusudiwa na sheria hiyo. Kuwafunga wagonjwa jela kulivunja Katiba.

Angalia jambo ambalo jaji hakusema. Hakusema kwamba mgonjwa hawezi kutengwa kamwe. Serikali ina uwezo huo, lakini ni lazima utumike mahali panapofaa na kwa utaratibu unaoheshimu utu. Akaiagiza serikali itengeneze sera ya kuwatenga wagonjwa wa TB inayolingana na Katiba, na akaipa siku 90. Sera yenyewe ilitoka mwaka wa 2018. Siku 90 za serikali zina urefu wake.

Sheria yenye umri wa babu

Hiyo Sheria ya Afya ya Umma ni ya mwaka wa 1921. Iliandikwa na wakoloni, na ukiisoma unasikia bado sauti ya bwana mkubwa akiamuru. Usafi wa wakati ule ulichanganyika na ubaguzi. Mwaka wa 1902, tauni ilipoingia katika soko la Wahindi mjini Nairobi, mganga mkuu wa serikali ya kikoloni aliamuru soko lote lichomwe moto. Watu walipoteza nyumba na maduka. Na tauni ikarudi tena Nairobi miaka iliyofuata.

Wazee wetu walikuwa na zizi, na zizi lilikuwa na kupe, lakini sijasikia mzee aliyechoma zizi ili kuua kupe. Hiyo ndiyo maana ya Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010, kikiwekwa kwa lugha ya nyumbani. Kifungu hicho kinasema haki inaweza kupunguzwa, ila kwa sheria, na kwa kiasi ambacho watu huru wenye kuheshimu utu wanaweza kukikubali. Anayepunguza lazima aonyeshe sababu. Lazima aonyeshe pia kwamba hatua yake inahusiana kweli na lengo, na kwamba hapakuwa na njia nyingine nyepesi zaidi ya kufika pale pale. Hilo la mwisho ndilo wakubwa husahau upesi.

Kisha kuna Kifungu cha 25, ambacho kinataja mambo 4 yasiyopunguzwa hata nchi iwe na tauni: kutoteswa wala kutendewa kinyama, kutofanywa mtumwa, kupata hukumu ya haki, na haki ya aliyezuiliwa kufikishwa mbele ya mahakama. Rungu halikuwekwa popote kati ya dawa za taifa.

Korona: kipimo kikubwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki 2 baadaye, tarehe 27 Machi, kafyu ilianza: kila mtu awe ndani kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili, kuingia na kutoka Nairobi na baadhi ya kaunti za Pwani kulizuiwa. Makanisa na misikiti yakafungwa. Mazishi yakawa ya watu 15.

Tukumbuke hali ya siku zile kabla ya kuhukumu. Chanjo haikuwapo. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache mno. Madaktari wenyewe walikuwa wanajifunza kila siku. Mpaka leo vifo vilivyoandikwa kwa ajili ya korona hapa Kenya ni zaidi ya 5,600, na kila aliyezika anajua hiyo si hesabu ya mchezo. Kuwaomba watu wakae nyumbani usiku halikuwa jambo la kipumbavu.

Lakini amri ya kafyu haikutolewa kwa sheria ya afya. Ilitolewa na Waziri wa Usalama wa Ndani kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, sheria ambayo kazi yake hasa ni fujo na ghasia. Tangu siku ya kwanza ugonjwa ukakabidhiwa polisi, nao wakafanya walivyozoea. Huko Likoni, Mombasa, tarehe hiyo hiyo 27 Machi, watu waliokuwa wakingoja feri ili wafike nyumbani walipigwa na kurushiwa vitoa machozi, kabla hata saa moja jioni haijafika. Hebu fikiria: ugonjwa unaoenezwa kwa pumzi, na watu mamia wanafanywa wakohoe, walie na kusukumana mahali pamoja!

Siku chache baadaye, mvulana wa miaka 13 huko Kiamaiko, Nairobi, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa wananchi tarehe 1 Aprili. Hata hivyo, kufikia mwanzo wa Juni, mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na askari wa kafyu. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikufa baada ya kukamatwa na polisi kwa ajili ya kafyu. Maafisa 6 wakashtakiwa.

Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani mapema. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir alitoa uamuzi ambao uliwaudhi wengi wa pande zote, na labda kwa sababu hiyo ulikuwa mzuri. Alisema kafyu yenyewe ni halali, kwa sababu kuna hatari ya kweli na lengo ni kuokoa maisha. Lakini nguvu iliyotumiwa na polisi ilivunja Katiba. Akawaagiza polisi watangaze wazi mwongozo wa jinsi wanavyosimamia kafyu. Yaani amri inaweza kuwa halali, na namna ya kuitekeleza ikawa haramu. Msemo wa mitaani kwamba "sheria ni sheria" haukumaliza neno.

Karantini iligeuka kuwa adhabu

Jambo la karantini lina somo kubwa zaidi, nalo halikuzungumzwa sana. Machi 2020 wasafiri waliotoka ng'ambo walipelekwa kukaa hotelini na katika mabweni ya vyuo ili watazamwe. Hilo lina maana ya kiafya. Lakini wakadaiwa pesa za kila siku, na wengine siku zao zikaongezwa bila kuelezwa sababu. Aliyekosa pesa akakaa zaidi. Kisha Aprili serikali ikatangaza kwamba wanaovunja kafyu watapelekwa karantini kwa siku 14. Sasa neno karantini likabadilika maana kabisa. Mwenye afya, aliyechelewa matatu, analazwa karibu na anayeshukiwa kuwa na ugonjwa. Mwezi huo huo watu walionekana katika picha wakiruka ua la chuo cha mafunzo ya matibabu Nairobi ili kutoroka.

Wengi waliwacheka, wengine wakawatukana. Mimi naona waliruka ua kwa sababu mahali pale palikuwa na harufu ya jela.

Methali yetu inasema mficha maradhi, kilio humfichua. Ni kweli, lakini methali inamsema mficha tu, haimwulizi nani aliyemfundisha kuficha. Mama mboga anayejua kwamba akisema "nina kikohozi" atachukuliwa na gari, atozwe pesa asizo nazo, watoto wabaki peke yao na kibanda chake kiibiwe, huyo hatasema. Atakunywa maji ya tangawizi na kunyamaza, na soko zima litaambukizwa. Hapo ndipo unaona kwamba haki na afya si watu wawili wanaovutana kamba. Kazi ya bwana afya inategemea kuaminiwa. Akija na askari wenye bunduki, atapata watu waliojificha.

Serikali nayo ilijifunza, tuseme kweli. Mei 2020 ilitangaza kwamba italipa gharama katika vituo vyake vya karantini. Juni ikatoa utaratibu wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasiozidiwa, wakitazamwa na wahudumu wa afya wa kijiji. Kumbe njia nyepesi ilikuwapo! Na huo ndio mtihani wa Kifungu cha 24.

Kanisani na kaburini

Kufungwa kwa nyumba za ibada kuliwaumiza watu wetu sana, na wako waliosema ni vita dhidi ya imani. Sikubaliani nao. Watu kukaa pamoja ndani ya nyumba, wakiimba kwa sauti, ni njia rahisi kabisa ya kueneza ugonjwa wa pumzi. Tena viongozi wa dini mbalimbali waliketi pamoja katika baraza lao, chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria, wakakubaliana juu ya masharti ya kufungua. Julai 2020 ibada zikarudi kwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja. Hatua yenye idadi, yenye muda, na iliyozungumzwa na wale inaowahusu, hiyo inavumilika.

Lakini hata hapo palikuwa na tundu. Walioruhusiwa walikuwa wa umri wa miaka 13 hadi 58. Mzee wa miaka 60 aliweza kusukumana sokoni Jumamosi, ila Jumapili akakatazwa ibada. Alimkinga nani huko sokoni?

Na mazishi. Huko Siaya, Aprili 2020, marehemu alizikwa usiku, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Taifa zima lilishtuka. Kupunguza waombolezaji kuna sababu ya kiafya. Kumzika mtu gizani kama kitu cha kutupwa hakuna.

Jambo la mwisho la wakati ule ni chanjo. Novemba 2021 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema kwamba kutoka tarehe 21 Desemba, asiye na cheti cha chanjo hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Wakati huo karibu mtu mzima 1 tu kati ya 10 ndiye aliyekuwa amekamilisha chanjo. Chanjo ni nzuri, na sisi tuliwahimiza watu waende wakachanjwe. Lakini huwezi kumnyima mtu huduma kwa kukosa kitu ambacho hujakifikisha kijijini kwake. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo tarehe 14 Desemba.

Bwana afya akibisha mlangoni

Sasa tuseme ni wewe. Ugonjwa umeingia kata yenu, na afisa wa afya yuko mlangoni anasema mtu wako atengwe. Usikimbie, na usimfiche mgonjwa. Mkaribishe afisa akae nje penye hewa, umsikilize. Kisha uliza kwa heshima. Ni ugonjwa gani, na umejulikanaje? Cheti chenye sahihi kiko wapi, na amri ya hakimu? Mgonjwa anapelekwa wapi, kwa siku ngapi, na nani atampima tena ili arudi? Je, anaweza kutengwa hapa nyumbani, tukimpa chumba chake chenye dirisha?

Uliza pia nani analipa. Kifungu cha 27, pamoja na ukali wake wote wa kikoloni, kinasema mtu anapotengwa kwa amri hiyo gharama ni ya serikali ya mahali. Wakoloni wenyewe hawakumtoza mtu wa karantini, lakini mwaka wa 2020 tulitozwa.

Ukiambiwa mtu wako yuko jela au seli ya polisi kwa sababu ya ugonjwa, taja kesi ya Kapsabet. Andika tarehe, jina la kituo na namba ya askari. Akipigwa, peleka malalamiko IPOA pamoja na karatasi ya hospitali. Na usidhani mahakama ni ya wenye magari tu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa, au kwenda kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Na ikihitajika, mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida, iliyoandikwa kwa mkono, ikieleza yaliyotokea.